Jina la Jaji na Mlango wa Nyumba Yake



Naomba nianze na ukurasa mmoja wa daftari la kodi ya majengo, kama ulivyozoeleka kuonekana kwenye kompyuta katika jimbo la New Jersey, Marekani. Kuna namba ya kitalu na namba ya kiwanja. Kuna mtaa na namba ya nyumba. Chini yake umeandikwa mwaka nyumba ilipojengwa, ukubwa wake kwa futi za mraba, thamani ya ardhi peke yake, thamani ya jengo peke yake, kodi iliyotozwa mwaka uliopita, na bei aliyoitoa mwenye nyumba siku aliyoinunua. Halafu kuna jina lake. Ukurasa huo haukuvuja kutoka kokote. Serikali yenyewe imeuweka, bure, bila kukuuliza wewe ni nani wala unautakia nini. Katika kaunti nyingi za nchi ile huna hata haja ya kuijua nyumba kwanza: andika jina la ukoo, bonyeza, nyumba inakuja.

Kwa fundi seremala au mwalimu wa hisabati, ukurasa huo ni bili tu. Kwa jaji aliyemwambia mtu asubuhi kwamba watoto watakaa na mama yao, ni jambo jingine kabisa.

Ninachokuja kukitetea jioni hii ni hiki. Kodi ya jaji ijulikane, na thamani ya nyumba yake ijulikane kama ya jirani yake. Kinachopaswa kufungwa ni njia ya kutoka kwenye jina kwenda kwenye mlango, na ifungwe kwa watu wote. Majimbo mengi ya Marekani yameifunga kwa majaji na wachache wengine, yakawaacha raia waliobaki njiani. Nitajaribu kuonyesha kwa nini naiona hiyo kuwa nusu ya kazi, tena nusu iliyo dhaifu.

Lakini kwanza tusiwacheke Wamarekani kwa kuliacha daftari wazi. Wana sababu, na ni sababu ya maana. Kwao kodi ya majengo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya gharama za shule, polisi na zimamoto za mtaani. New Jersey ndiko inakouma kuliko kote: bili ya wastani imepita dola 10,000 kwa mwaka kwa nyumba moja. Anayekadiria thamani ya nyumba hizo ni mthamini wa mji, binadamu mwenye ndugu, marafiki na fadhila za kulipa. Kinachomzuia asimpendelee shemeji yake ni kwamba daftari liko wazi. Mtu akiona nyumba ya ng'ambo ya barabara, iliyojengwa na mkandarasi yule yule kwa ramani ile ile, imethaminiwa chini ya yake, anakata rufaa kwenye bodi ya kodi ya kaunti, kwa kawaida kabla ya tarehe 1 Aprili. Sasa chukueni daftari hilo mlifanye siri, kisha mseme jaji wa mji ndiye aliyethaminiwa nusu bei. Nani angejua?

Kwa hiyo daftari limekuwa wazi tangu enzi za vitabu. Ila uwazi wa wakati ule ulikuwa na miguu. Ulitakiwa uende ofisi za mji, usimame kaunta, umwombe karani akutolee kitabu. Karani alikuona uso. Pengine alikuuliza habari za nyumbani. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iliyohusu kumbukumbu za jinai zilizokusanywa na FBI, na humo majaji wakatamka jambo ambalo wanafunzi wa sheria wangefaa kulikariri: karatasi zilizotawanyika katika mahakama na vituo vya polisi nchi nzima si kitu kimoja na muhtasari wa karatasi hizo uliokusanywa mahali pamoja ndani ya kompyuta, hata kama kila karatasi moja moja ilikuwa wazi kwa umma tangu mwanzo. Taabu ya kutafuta yenyewe ilikuwa kinga. Intaneti ilipokuja, kaunti zikaiondoa taabu hiyo kwa nia njema, na kinga ikaondoka nayo bila mtu kuipigia kura.

Jumapili ya tarehe 19 Julai 2020, Jaji Esther Salas wa mahakama ya shirikisho alikuwa nyumbani kwake North Brunswick, New Jersey. Mwanawe wa pekee, Daniel Anderl, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa ametimiza miaka 20 siku chache kabla, na wikiendi ile ilikuwa ya kumsherehekea. Jioni mama na mwana walikuwa kwenye orofa ya chini wakizungumza. Kengele ikalia. Daniel akapanda ngazi kwenda kufungua. Aliyesimama nje alijifanya mleta vifurushi. Alimpiga Daniel risasi akamwua, akamjeruhi vibaya baba yake, wakili Mark Anderl, ambaye alinusurika. Jaji mwenyewe hakufikiwa. Muuaji alikuwa wakili aliyewahi kuleta kesi mbele yake, akipinga sheria inayowalazimisha wanaume peke yao kujiandikisha kwa ajili ya jeshi. Alikutwa amekufa jimboni New York, amejiua.

Jaji Salas amesimulia hadharani kwamba mtu huyo alikuwa na jalada juu yake: anakoishi, njia anazopita kwa gari, kanisa analosali. Sitadai kwamba ni daftari la kodi lililompa anwani. Ninachosema ni kwamba hakuhitaji ujanja wowote kuipata, na hapo ndipo penye tatizo.

Miezi minne baadaye, Novemba 2020, Gavana Phil Murphy alitia saini sheria iliyopewa jina la kijana yule. Sheria ya Daniel inawapa majaji, waendesha mashtaka na polisi, waliomo kazini na waliostaafu, haki ya kudai kwamba anwani zao za nyumbani na namba zao za simu ziondolewe. Kampuni iliyopokea barua ya madai ina siku 10 za kazi. Ikikaidi, fidia inaanzia dola 1,000 kwa kila kosa. Serikali nazo, zikiwamo ofisi za kodi, zinatakiwa zifute uhusiano wa jina na nyumba kwenye kumbukumbu zilizo wazi. Mapema mwaka 2022 jimbo likaongeza ofisi maalumu ya kupokea maombi hayo, kwa sababu ilidhihirika kwamba jaji mmoja hawezi kuandika barua kwa kila kaunti, kila mji na kila tovuti na bado apate muda wa kusoma majalada.

Mwishoni mwa 2022 Bunge la Marekani likafuata kwa upande wa majaji wa shirikisho, likaipachika sheria yake ndani ya sheria kubwa ya mwaka ya ulinzi. Sheria ile inayafunga mashirika ya serikali kuu na madalali wa taarifa, yaani kampuni zinazonunua na kuuza habari za watu kwa jumla. Kwenye daftari la kodi la kaunti, inasaidia kwa ruzuku zaidi kuliko kwa amri. Kodi ya majengo si mali ya Washington. Ni ya maelfu ya kaunti na miji, kila mahali na mthamini wake, programu yake, na mazoea yake.

Kuna kituko hapa ambacho sitaki kukiruka. Mwaka 2024 kampuni moja iitwayo Atlas, ikiwawakilisha watu wapatao 19,000, wengi wao polisi, iliwashitaki wafanyabiashara wa taarifa zaidi ya mia moja chini ya Sheria ya Daniel. Washitakiwa wakasema sheria inavunja uhuru wa kusema. Nani aamue? Majaji wa shirikisho wa New Jersey wote wananufaika na sheria hiyo, na mmoja wao ndiye mama wa marehemu. Ikabidi aletwe jaji kutoka Pennsylvania, Harvey Bartle, ambaye Novemba 2024 alikataa kuitupa sheria. Uamuzi wake ulikatiwa rufaa. Mimi nauona ni uamuzi wenye mashiko, ila lile la kuazima jaji wa jimbo jirani linatuambia kitu kuhusu sheria zinazotungwa kwa ajili ya kundi moja.

Texas ilikuwa imetangulia. Usiku wa tarehe 6 Novemba 2015 Jaji Julie Kocurek alikuwa anarudi nyumbani Austin kutoka kwenye mechi ya shule, yeye na jamaa zake ndani ya gari. Getini pake palikuwa na mfuko wa taka umewekwa kuzuia njia. Gari likasimama, na mtu akafyatua risasi kupitia dirishani. Mshambuliaji alikuwa na shauri mbele ya jaji huyo na aliogopa kurudishwa jela. Jaji alipona baada ya upasuaji mwingi na akarudi kitini miezi michache baadaye. Mwaka 2017 jimbo likatunga sheria yenye jina lake, na moja ya mambo iliyoyagusa ni daftari la wathamini. Siku hizi ofisi kuu ya utawala wa mahakama hupeleka majina ya majaji kwa wanaohusika, na katika wilaya za uthamini jina la jaji haliandikwi tena kwenye ukurasa wa nyumba yake. Mahali pake panawekwa maneno mawili matatu ya kuonyesha kwamba mwenyewe amefichwa. Texas, ambayo watu huidhani nchi ya bunduki na ng'ombe tu, inakataza pia kuweka kwenye intaneti picha au mchoro wa ramani ya ndani ya nyumba ya kuishi uliochukuliwa kutoka kumbukumbu za kodi. Katazo hilo halijali wewe ni jaji au mwuza matairi. Limewekwa kwa kila nyumba. 

Sasa udhaifu. Chukua mtaa wenye nyumba ishirini. Kumi na tisa zina majina, moja imeandikwa kwamba mwenyewe ni siri. Mtu aliyekuwa na nia mbaya alikuwa anatafuta sindano, na serikali imemwekea bendera. Hajui kama ni jaji, polisi au mwendesha mashtaka, lakini anajua ni mmoja wao, na kuketi ndani ya gari kwa siku mbili kutamwambia yupi. Kumficha mtu peke yake katikati ya walio wazi ni kumtangaza kwa namna nyingine.

Halafu swali la nani aingie kwenye orodha. Majaji waliingia, polisi wakaingia, waendesha mashtaka wakaingia. New Jersey imeshawaongeza wachunguzi wa ustawi wa watoto, na sioni jinsi ya kuwakatalia: hao nao huwaondoa watoto majumbani. Vipi karani wa mahakama, ambaye jina lake ndilo lililoko kwenye hati ya wito? Vipi mwanamke aliyemtoroka mume anayempiga? Kila anayebisha hodi ana hoja, na kila anayekubaliwa anaongeza tabaka la watu ambao serikali inawaficha ilhali wengine inawaanika. Matajiri, kwa taarifa yenu, hawamo kwenye foleni hii. Wao walikwisha kujificha zamani: nyumba imeandikwa jina la kampuni au la udhamini ulioundwa na wakili, na daftari la kodi halisemi lolote zaidi ya hapo.

Na kuna hoja ya waandishi wa habari, ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Katika mji wa New Brunswick mwandishi mmoja, Charlie Kratovil, aligundua kwamba mkurugenzi wa polisi wa mji alikuwa amejiandikisha kupiga kura Cape May, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari. Hiyo ni habari. Bosi wa polisi anayeishi saa mbili mbali na mji anaoulinda ni jambo la kuhojiwa na walipa kodi. Kratovil alikuwa ameipata anwani kihalali, kwa kuiomba kutoka ofisi ya umma, kisha akaonywa kwamba akiichapisha atakuwa amevunja Sheria ya Daniel. Akaenda mahakamani. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya New Jersey ikaamua dhidi yake: aandike kwamba mkurugenzi anaishi Cape May, asiandike mtaa na namba ya nyumba. Nimeusoma uamuzi huo kwa moyo mzito kidogo, lakini nadhani majaji walipatia. Habari ilikuwa mji. Namba ya nyumba isingemwongezea msomaji chochote.

Ugumu unakuja mwandishi asipoweza kufika hata hapo. Katiba ya Texas inamtaka jaji wa wilaya aishi ndani ya wilaya yake kipindi chote cha utumishi. Nafuu ya kodi kwa makazi ya kudumu hutolewa kwa nyumba moja tu. Jaji mwenye nyumba mbili, anayedai nafuu kwa zote mbili au anayeishi kwingine kabisa, anakamatwaje kama jina lake halipo popote? Tusijifanye kwamba majaji hawahitaji kuchunguzwa. Mwaka 2021 gazeti la Wall Street Journal liliwataja majaji wa shirikisho 131 waliosikiliza kesi zinazogusa kampuni ambazo wao au familia zao walikuwa na hisa ndani yake. Hilo lilijulikana kwa sababu fomu za mali zao zilikuwa wazi, ingawa kwa kuvutana.

Ndiyo maana nawaelekeza Los Angeles. Ofisi ya mthamini wa kaunti ile inashughulikia viwanja zaidi ya milioni 2. Fungua tovuti yake, andika anwani, utaona thamani, ukubwa, mwaka wa ujenzi, na ramani. Jina la mwenye nyumba hulioni, na kutafuta kwa jina hakupo kabisa. Chanzo chake ni sheria ya California inayokataza kuweka kwenye intaneti anwani ya nyumbani ya kiongozi wa kuchaguliwa au kuteuliwa bila idhini yake ya maandishi. Badala ya kupambana na orodha ya viongozi isiyokwisha, ofisi ilitoa majina yote. Nyumba ya jaji haina bendera kwa sababu hakuna nyumba yenye jina. Jirani bado analinganisha thamani. Mwandishi anayetaka jina anaenda ofisini. Kodi inakusanywa kama kawaida, na sijasikia mtu akidai kwamba demokrasia ya California iliangushwa na jambo hilo.

Sitaki kuisifu dawa kuliko nguvu yake. Maryland nayo kwa miaka imekuwa na tovuti ya tathmini isiyoruhusu kutafuta kwa jina. Oktoba 2023 Jaji Andrew Wilkinson aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Hagerstown, saa chache baada ya kuamua shauri la talaka na malezi ya watoto. Kwenye mji wa ukubwa ule, watu wanaonana dukani. Isitoshe ukurasa wa nyumba wa Maryland uliendelea kuonyesha jina la mmiliki, na panapoonyeshwa jina nyumba baada ya nyumba, dalali wa taarifa anaweza kuzikusanya zote, akazipanga upya kwa jina, akaziuza. Mlango wa mbele umefungwa, wa uani uko wazi. Kaunti nyingine hazisubiri hata kukusanyiwa: zinauza daftari zima kama faili moja, kwa ada ndogo, na wanunuzi wakubwa ni madalali wenyewe. Hatua ya kwanza ningeiweka hapo, kwenye faili la jumla, kabla hata ya kugusa tovuti.

Mtaniuliza haya yanatuhusu nini sisi. Huku kwetu ulinzi wa jaji aghalabu ni askari wa getini, na mgeni akitaka nyumba ya mtu humwuliza mjumbe. Tanzania tangu 2021 inakata kodi ya majengo kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: kodi inamfuata mwenye mita, na hakuna orodha ya majina ambayo mpita njia anaweza kuisoma. Kenya ilizindua Ardhisasa, mfumo wake wa ardhi wa mtandaoni, mwaka huo huo. Msako wa hati pale unaanzia kwenye namba ya kiwanja, na anayetafuta anafungua akaunti kwa kitambulisho chake, kwa hiyo naye anaacha nyayo. Hili la pili nalipenda sana. Anayeomba kujua nyumba ya mwenzake ni haki naye ajulikane. Wamarekani wangeweza kulichukua bila kubadilisha kifungu kimoja cha katiba: thamani ziwe wazi kwa wote, jina litolewe kaunta, kiwanja kimoja kwa ombi moja, kwenye fomu yenye jina la mwombaji, na mwenye nyumba aweze kuuliza nani amemtafuta. Mwandishi anayechunguza nafuu mbili za kodi atajaza fomu mbili. Mwenye bunduki atafikiri kabla ya kuijaza moja.

Nimebakiza kesi moja, nayo ndiyo iliyoniondolea mashaka juu ya orodha za wateule. Mwaka 2005, katika kaunti ya Juneau, Wisconsin, Jaji John Roemer alimhukumu mtu kifungo kwa uvunjaji wa nyumba akiwa na silaha. Mwaka 2017 jaji akastaafu. Tarehe 3 Juni 2022 aliuawa ndani ya nyumba yake huko New Lisbon, na mshukiwa alikuwa yule yule ambaye jaji alimfunga miaka 17 nyuma. Kinga iliyoandikwa kwa waliomo kazini ingekuwa imemwisha Roemer miaka mitano kabla. Mkiandika na wastaafu, lazima mtu fulani katika ofisi fulani ahuishe orodha, afuatilie nani amehama, nani ameuza, mjane wa nani bado anaishi kwenye nyumba ile ile, na afanye hivyo kwa miaka thelathini bila kukosea mstari mmoja. Nimefanya kazi na masjala za kutosha kujua orodha za namna hiyo zinavyozeeka. Daftari lisilotafutwa kwa jina halihitaji kujua nani ni jaji, nani alikuwa jaji, wala nani atateuliwa kesho.